Nyoka Aliyeachwa Migombani

Mume wangu Ndelilio alinyamaza siku ya Krismasi, mezani, mbele ya ukoo mzima, nyama ya mbuzi ikiwa bado inafuka moshi. Nasema alinyamaza, sisemi alipoteza sauti. Sauti alikuwa nayo. Kiharusi kilichompiga mwezi wa Oktoba kilimwachia mkono wa kulia mzito na ulimi usiojua umeweka wapi vitu vyake, lakini alikuwa akijaribu. Akitaka chai anasema kijiko, akitaka kijiko anasema Jumapili, tunacheka wote wawili na maisha yanaendelea.

Siku ile watoto wote walikuwa wamerudi Marangu, kama Wachagga wanavyorudi kila Desemba, kutoka Dar, kutoka Mwanza, magari yamejaa uani mpaka ng'ombe wangu akakosa pa kupita. Hapa kwetu baba mwenye nyumba ndiye anayeombea chakula. Ndelilio akasimama, akafumba macho, akavuta pumzi, na pale alipotaka kusema "Bwana" likatoka "ng'ombe".

Mjukuu mmoja akacheka. Ni mtoto, simlaumu. Ila wakubwa nao wakaanza kung'ata midomo, mabega yanawatikisika, na mwisho meza nzima ikaangua kicheko. Mwanetu wa kwanza, Jackson, akaimalizia sala haraka haraka. Ndelilio akakaa, akala nyama yake, akafuta mdomo. Tangu siku hiyo hakusema neno, si kwangu, si kwa mchungaji, si kwa Mungu, kama Mungu husikiliza wanaotamka tu.

Yule dada wa mazoezi ya kusema, kule hospitali, aliniambia bila kunificha. "Mama, ulimi usipotumika unazidi kuwa mzito. Hii miezi ya mwanzo ndiyo ya kujaribu. Akiendelea kukaa hivi, baadaye itakuwa kazi kubwa, na huenda usirudi kabisa."

Basi nikajaribu kila njia. Nilimbembeleza. Nilimfokea. Nilimnyima sukari mpaka atakapoitaja kwa jina, naye akanywa chai yake bila sukari wiki nzima, kimya, kama mtu aliyezaliwa haipendi. Nikaona ninamtesa mgonjwa, nikairudisha sukari. Lakini nilimkosa, tuseme wazi. Miaka yote nililalamika kwamba mwanaume huyu anaongea mno, kwamba hawezi kuniletea debe la maji bila kulitungia beti mbili, na sasa nyumba ilikuwa kimya hata nikiwa jikoni namsikia ng'ombe akicheua. Kuna siku nilikwenda nyuma ya zizi nikalia huko, maana ndani angeniona.

Niseme sasa kwamba Ndelilio ni mshairi. Kahawa na migomba vilitulisha, ualimu wa shule ya msingi ulimvalisha, lakini ukimuuliza yeye ni nani atakwambia ni mshairi. Na katika ushairi ana adui mmoja anayempenda kuliko ndugu zake: Zaidi, fundi cherehani wa Soweto, pale Moshi mjini. Zaidi ni Mwislamu wa mjini hasa, babu mmoja Mpare, mwingine Mmanyema, bibi katoka Pangani, na yeye mwenyewe hajawahi kulala usiku hata mmoja mahali pasipo na taa za barabarani. Walikutana kwenye chama cha washairi, na hawajaachana tena.

Washairi wana mchezo wao wanauita malumbano. Mmoja anatupa shairi la kuchokoza, mwenzake lazima amjibu kwa vina vilevile, na anayekaa kimya ndiye kashindwa. Malumbano ya hawa wawili yamechukua zaidi ya miaka ishirini, redioni, magazetini, siku hizi kwenye simu, na yote yanahusu kiumbe kimoja, nyoka. Zaidi anasema auawe. Ndelilio anasema aachwe. Watu wazima wenye wajukuu, wanagombana kwa ajili ya nyoka ambaye hakumtuma yeyote.

Baada ya kiharusi, Zaidi hakuacha. Kila Ijumaa akitoka msikitini alirekodi beti kwenye simu na kumtumia Ndelilio. Niliziweka kwa sauti kubwa, nikakaa mbele ya mgonjwa wangu kumtazama usoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aligeukia dirishani.

Mwezi wa Machi, mvua za masika ndiyo kwanza zinaanza, Zaidi akanipigia.

"Shemeji, Jumamosi nakuja. Nakuja na mwalimu mmoja, Kornelia, anafundisha Kiswahili sekondari na anasomea shahada ya pili. Anaandika kuhusu mimi na mumeo."

"Kuhusu nini chenu?"

"Anatulinganisha. Jinsi kila mmoja wetu anavyomwona nyoka."

"Watu wanasomea hayo?"

"Wanasomea, shemeji. Na mwisho wanavalishwa joho."

Nikapika kiburu, ndizi na maharage, maana Zaidi nyama ya kwetu haigusi na mbege, pombe yetu ya ndizi, ndiyo kabisa. Nikamvalisha Ndelilio koti lake la kanisani. Hakukataa, ila aliponiona naweka viti vitatu kumzunguka alinitazama kama ng'ombe anayeona sindano ya daktari.

Walifika wamelowa. Kornelia alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani na buti za mvua, na nilimpenda alipoingia tu kwa sababu alimsalimia kwanza mgonjwa. "Shikamoo baba." Ndelilio akainamisha kichwa. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, vua hayo mabuti usije ukapata homa." Zaidi hakuamkia mtu. Alivuta kigoda changu cha kukamulia, akakaa magoti yake yakigusana na ya rafiki yake, akamshika ule mkono mzito na hakuuachia.

Tulipokwisha kula, Kornelia aliweka simu mezani irekodi, akatoa makaratasi. "Baba asipojibu hakuna shida," akasema. "Mimi nitasoma, kisha yeyote mwenye neno aseme." Akaanza na Zaidi, na Zaidi, kwa kuwa hawezi kuvumilia shairi lake lisomwe na mtu mwingine, akamnyang'anya na kulighani mwenyewe:

Nyoka hana urafiki, hata ukimpa nyumba,
Sumu yake haitoki, hata akivua gamba,
Ukimwona usibaki, chukua panga la shamba,
Piga kichwa, huna dhiki, uondoke ukitamba.

"Sasa," Kornelia akasema, "nimesoma mashairi yako yote ya nyoka, baba Zaidi. Huyu nyoka anaingia nyumbani, anakula na wenyeji, anasengenya, anakopa halipi. Hakuna hata shairi moja ambalo anatambaa. Huyu si nyoka. Ni mtu."

Zaidi akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. "Mwalimu umenikamata. Mimi nimekulia Soweto. Nyoka halisi nimewaona mara mbili, na mara zote walikuwa wamekufa. Nyoka ninaowajua mimi wanavaa suruali, na wengine suruali hizo nimewashonea."

"Lakini baba Ndelilio," Kornelia akaendelea, "nyoka wake ni nyoka kweli. Ana tumbo, anasikia baridi, anaota jua juu ya jiwe. Kwake nyoka habadiliki. Anayebadilika ni mtu anayemtazama. Mtu anakuja na hasira, anaondoka bila hasira. Nimesoma kwamba hata kanisani waliwahi kumuuliza."

"Walimuuliza," nikasema. "Mwinjilisti alikuja mpaka hapa kwenye kihamba chetu, shamba letu la nyumbani, akataka kujua inakuwaje Mlutheri anamtetea aliyemdanganya Hawa. Ndelilio alimjibu kwa beti saba. Yule bwana alikunywa chai yake akaenda zake, na hakurudi tena na swali hilo."

Nilimchungulia mume wangu. Ukingoni mwa mdomo palikuwa na kitu kilichotaka kuwa tabasamu, kikaghairi.

Kornelia akasoma lile shairi lake maarufu, lile ambalo hata watoto wa shule hapa Marangu wamewahi kulikariri:

Nilimwona mgombani, amelala ametua,
Panga langu mkononi, nikataka kumuua,
Nikajiuliza ndani, kosa lake sikujua,
Nikashusha panga chini, naye njia kachukua.

Alilisoma vizuri, polepole. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati. Kisha akavua miwani, akaifuta kwenye sketi.

"Kuna jambo moja linanisumbua," akasema. "Kwa washairi hawa wote wawili, mwenye panga ni mwanaume. Lakini leo nimepanda kutoka barabarani mpaka hapa, na kila niliyekutana naye ana panga na mzigo wa majani kichwani ni mwanamke. Hao ndio wanaomkanyaga nyoka. Mbona kwenye mashairi hawamo?"

Hapo jamani sikuweza kujizuia. Jambo hilo lilikuwa limenikaa rohoni tangu siku shairi lile lilipotangazwa redioni kwa mara ya kwanza, na majirani wakaja kumpa mkono mume wangu kwa utu wake na mimi nikawapikia chai.

"Hawamo," nikasema, "kwa sababu wako shambani. Mwanangu, hilo panga lilikuwa langu."

Zaidi akageuka. "Unasemaje, shemeji?"

"Nasema nyoka huyo namfahamu. Nilikuwa nakata migomba ya kumpa ng'ombe, pale chini kidogo ya mti wa pili wa kahawa. Nikainua jani la mgomba lililokauka, huyo hapo, mnene, amejikunja. Jina lake sikulijua, na hatukuwa na muda wa kuulizana majina. Panga nilikuwa nimeshalinyanyua. Ndipo nikaona katikati amevimba, ana uvimbe wa kitu alichokimeza, na mkia wa panya mwingine bado unaning'inia mdomoni. Na mwaka ule panya walikuwa wamenimalizia mbegu za mahindi zote. Nikamwambia, haya, endelea na kazi. Nikashusha panga. Hakuna aliyejiuliza ndani, wala cha kosa lake sikujua. Mimi nilikuwa nafikiria mahindi yangu."

Kornelia alikuwa anaandika mbio. "Kwa hiyo kuna mtazamo wa tatu," akasema, kama anayejiambia mwenyewe. "Si adui, si jirani. Ni mfanyakazi mwenzako." Kisha akainua kichwa, na kwa moyo safi kabisa akauliza, "Na baba alikuwa wapi wakati huo?"

Nilifungua mdomo. Jibu nilikuwa nalo, tena ni jibu nililolisema mara nyingi kwa kicheko, jikoni, kwa dada zangu, hata mbele yake mwenyewe wakati alipokuwa na ulimi wa kunirudishia. Lakini nilimtazama pale kwenye kiti, amevaa koti la kanisani ambalo sasa linampwaya, macho yake sakafuni, na nikaona Krismasi inataka kurudi. Sikupenda kumsema mtu asiyeweza kujibu.

"Hilo," nikasema, "lazima umuulize mwenyewe."

Kornelia akaona haya, akajifanya anapanga makaratasi. Nilijuta kwamba nimesema hata hayo niliyosema. Nikaanza kukusanya vikombe.

Zaidi hakuona haya. Alinitazama mimi, akamtazama Ndelilio, akanitazama tena, na nikamwona kichwani anapima. Akaachia ule mkono, akasimama, akavuta koti lake kama yuko jukwaani.

"Mwalimu, hayo makaratasi yako yana kosa," akasema. "Shairi la mwenzangu umelisoma sivyo. Mimi nilikuwepo alipolighani mara ya kwanza, nalikumbuka. Andika beti sahihi." Akaghani, kwa sauti ya Ndelilio kabisa, pamoja na ule mvuto wake wa mwisho wa mstari:

Nilimwona mgombani, amelala ametua,
Panga langu mkononi, nikataka kumuua,
Nikajiuliza ndani, kosa lake sikujua,
Nikamkata shingoni, na ngozi nikamvua.

Ndelilio akainua kichwa ghafla.

"Ndiyo," Zaidi akasema bila kumtazama. "Akamchuna. Ngozi akaniletea mimi mjini, nikashona mkanda. Huu hapa nimeuvaa. Kwa hiyo mwalimu, hakuna haja ya kutulinganisha. Mimi na yeye tuko kitu kimoja, nyoka auawe. Malumbano yameisha na mimi nimeshinda. Andika."

Mkono mzima wa Ndelilio uligonga mkono wa kiti. Uso wake ulijaa damu. Akavuta pumzi, ile ile ya Krismasi, kifua kikapanda, midomo ikajikusanya, na likatoka kwa nguvu, waziwazi:

"Ng'ombe!"

Nilimwona anavyojisikia alichokitamka. Nilimwona anaanza kufunga mdomo, polepole, kama mtu anavyofunga duka, na moyoni nikamlaani Zaidi na ukoo wake wote wa Pangani. Nilikuwa na sinia mkononi na ilibaki kidogo tu nimpige nalo.

Lakini Zaidi hakucheka. Wala hakumwonea huruma, na sasa nadhani hilo ndilo lililomponya. Alimjibu kama anavyomjibu siku zote, kwa ubishi.

"Ng'ombe hayumo kwenye shairi. Tunazungumza nyoka. Nyoka kafa, kachunwa, mkanda nimeuvaa. Una neno au huna?"

"Ha," Ndelilio akasema.

Tukangoja. Mvua ilikuwa inapungua.

"Ha. Haku. Hakufa."

Sinia nililiweka chini, sikumbuki wapi.

"Hakufa?" Zaidi akamwinamia. "Nani anasema hakufa? Shahidi ni nani? Panga si lilikuwa lako?"

Ndelilio akatikisa kichwa, akatikisa tena. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye paji la uso, na neno likawa linapanda na kurudi, linapanda na kurudi. Aliinua ule mkono mzima akaninyooshea mimi kidole.

"Si mimi," akasema. "Ma. Mama. Mama Jackson." Akapumua. "Panga. Mama Jackson. Ali. Alimwa. Alimwacha."

Zaidi akakaa chini kwenye kigoda kwa kishindo. Mashavu yake yalikuwa yameloa na hakuhangaika kuyafuta. Miaka ishirini na ushee alikuwa akitafuta namna ya kumshinda Ndelilio, na sasa alikuwa ameshindwa mbele ya mashahidi, na sijapata kumwona mtu aliyefurahi vile.

Ningetaka yaishie hapo. Nilikuwa tayari kwenda kumpigia Jackson, kumpigia yule dada wa hospitali, kumpigia mchungaji. Lakini Zaidi akasema taratibu, bila utani wowote, "Na wewe mwenzangu, ulikuwa wapi?"

"Shemeji, basi," nikamwambia. "Inatosha. Muache apumzike."

Ndelilio akanyoosha kiganja, kama alivyokuwa akifanya zamani darasani watoto wakipiga kelele. Hakumtazama Zaidi, wala mwalimu. Alinitazama mimi. Midomo yake ilijaribu mara ya kwanza na hakuna kilichotoka. Ikajaribu tena.

"Nilikimbia," akasema.

Neno zima. Halikukatika popote. Lilitoka kwa sauti ile ile iliyonitongoza kwenye sherehe ya kipaimara cha dada yangu, na lilikuwa kweli tupu, kweli ambayo alipokuwa na maneno yake yote hakuwahi kuisema mbele ya wageni.

Nilicheka. Nilianza kucheka nikajikuta nalia, nikashikilia nguzo ya mlango. Kornelia naye alikuwa ameziba mdomo kwa makaratasi yake. Na Ndelilio, aliyenyamazishwa na kicheko, alinisikia ninavyocheka na hakufunga mdomo. Alitabasamu upande mmoja, upande unaotii.

"Nilikimbia," akarudia, kama anayeonja kitu. "Mpaka. Mpaka mfongoni."

Mfongo ni ule mfereji wetu wa maji unaopita chini ya kihamba, na kutoka kwenye mti wa pili wa kahawa mpaka huko si karibu.

"Ukaruka?" Zaidi akamuuliza.

"Nikaa. Nikaangu." Akakwama. Akafumba macho akalitafuta. Nililijua neno analolitaka, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, na simu ya mwalimu ilikuwa bado inarekodi. Nimemkatiza mwanaume huyu maneno tangu tulipooana. Nikakaa kwenye kiti cha tatu, nikaweka mikono mapajani, nikamsubiri amalize.